Robert Koch

Heinrich Hermann Robert Koch (Clausthal, 11 Desemba 1843 – Baden-Baden, 27 Mei 1910) alikuwa daktari na mtafiti kutoka Ujerumani. Ndiye aliyegundua bakteria wa kifua kikuu na kueleza jinsi bakteria wa kimeta anavyoishi na kuenea. Pamoja na Louis Pasteur wa Ufaransa anahesabiwa kuwa mwanzilishi wa elimu ya bakteria. Mwaka 1905 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Alifika pia Afrika Mashariki mara kadhaa, akafanya kazi Dar es Salaam, Usambara, Mwanza na katika visiwa vya Ssese nchini Uganda.

Jina lake limebaki pia katika kile ambacho waganga wanakiita athari ya Koch, yaani namna mwili uliokwisha kuambukizwa unavyopambana na bakteria yuleyule anapoingia mara ya pili. Koch alikuwa wa kwanza kulieleza jambo hilo vizuri. Hata hivyo alikosea maana yake, na kosa hilo liliwagharimu wagonjwa wengi.

Utoto na masomo

Alizaliwa katika mji wa wachimba madini wa Clausthal, kwenye milima ya Harz, akiwa mtoto wa tatu kati ya watoto 13. Baba yake, Hermann Koch, alikuwa ofisa wa migodi. Inasimuliwa kwamba Robert alijifundisha kusoma kwa magazeti kabla ya kuanza shule.

Mwaka 1862 alijiunga na Chuo Kikuu cha Göttingen. Mmoja wa walimu wake huko alikuwa Jakob Henle, ambaye tangu 1840 alikuwa ameandika kwamba magonjwa ya kuambukiza husababishwa na viumbe hai wadogo mno. Wakati huo wengi waliliona wazo hilo kuwa la kukisia tu. Koch alihitimu udaktari mwaka 1866, na mwaka uliofuata akamwoa Emmy Fraatz. Walipata mtoto mmoja, Gertrud. Baada ya kuhudumia majeruhi katika vita kati ya Ujerumani na Ufaransa, mwaka 1872 akawa daktari wa wilaya huko Wollstein, mji ambao leo uko Poland.

Kimeta na panya wa Wollstein

Wollstein haikuwa na maabara wala maktaba ya sayansi. Koch alitibu wagonjwa mchana, na katika chumba hichohicho alitenga sehemu kwa ajili ya hadubini yake. Wakulima wa eneo hilo walipoteza kondoo na ng'ombe wengi kwa kimeta. Watafiti wengine walikwisha kuona vijiti vidogo katika damu ya wanyama waliokufa, lakini hakuna aliyekuwa amethibitisha kama vijiti hivyo ndivyo vilivyoua au vilitokea baada ya ugonjwa.

Koch alitumia panya. Kwa kuwa hakuwa na sindano nzuri, alichonga vijiti vya mbao, akavichovya katika damu ya mnyama aliyekufa, akaviingiza kwenye kijeraha karibu na mkia wa panya. Panya alikufa, na bandama lake likajaa vijiti vilevile. Alichukua damu ya huyo akamwambukiza mwingine, kisha mwingine, akaendelea hivyo kwa vizazi vingi, na kila mara matokeo yalikuwa yaleyale. Halafu alimkuza bakteria nje ya mwili, katika majimaji ya jicho la ng'ombe, akamwona kwa hadubini akirefuka na kutengeneza mbegu ngumu. Mbegu hizo zilieleza kitu kilichowasumbua wakulima siku nyingi: kwa nini malisho fulani yaliendelea kuua mifugo miaka mingi baada ya mzoga kuzikwa.

Mwaka 1876 alisafiri hadi Breslau kumwonyesha kazi hiyo Ferdinand Cohn, mtaalamu wa mimea aliyekuwa akichunguza bakteria. Cohn aliridhika, akaichapisha katika jarida lake. Daktari wa wilaya akajulikana Ulaya nzima.

Kifua kikuu

Mwaka 1880 alihamishiwa Ofisi ya Afya ya Dola mjini Berlin. Huko alipata wasaidizi, kati yao Friedrich Loeffler na Georg Gaffky. Shida yao kubwa ilikuwa kumtenga bakteria mmoja na wenzake, kwa sababu ndani ya mchuzi wote huchanganyika. Koch alianza na kipande cha kiazi kilichochemshwa. Mwalimu yeyote aliyewahi kuwaonyesha wanafunzi muhogo uliopikwa ukalala siku mbili atalielewa wazo hilo: kila doa lina rangi yake, na kila doa limetokana na kiumbe mmoja aliyeangukia hapo. Baadaye walitumia jelatini, kisha agari itokanayo na mwani. Agari ilipendekezwa na Fanny Hesse, mke wa mmoja wa wasaidizi wake, aliyekuwa akiitumia jikoni. Mwaka 1887 msaidizi mwingine, Julius Richard Petri, alibuni sahani yenye kifuniko ambayo bado inatumika katika maabara zote za dunia.

Bakteria wa kifua kikuu alikuwa mgumu kuliko wengine. Ni mdogo, ana ngozi ya nta inayokataa rangi, na hukua polepole sana. Wengi walikwisha kumtafuta wakamkosa. Koch alibuni njia ya kumtia rangi, akamkuza kwenye seramu ya damu iliyogandishwa, akasubiri majuma badala ya siku. Kisha alimwingiza katika simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofugwa majumbani na kupendwa sana na maabara, nao wakaugua kifua kikuu.

Jioni ya 24 Machi 1882 alitoa matokeo hayo mbele ya Chama cha Fiziolojia cha Berlin. Wakati huo kifua kikuu kiliua karibu mtu mmoja kati ya kila saba, na waganga wengi waliamini ni ugonjwa wa kurithi. Inasimuliwa kwamba alipomaliza hakuna aliyepiga makofi wala kuuliza swali. Watu walisogea tu kimya kutazama hadubini. Tarehe hiyo sasa ni Siku ya Kifua Kikuu Duniani.

Mwaka 1883 serikali ilimtuma Misri na baadaye India kuchunguza kipindupindu. Mjini Calcutta alithibitisha kwamba bakteria mwenye umbo la mkato hupatikana kwa wagonjwa na katika bwawa walikochota maji. Mwitalia Filippo Pacini alikuwa amemwona bakteria huyo tangu 1854, lakini kazi yake ilisahauliwa. Koch alirudi nyumbani kama shujaa, akapewa zawadi ya marki 100,000, na mwaka 1885 akawa profesa wa elimu ya afya katika Chuo Kikuu cha Berlin.

Dawa ya siri

Agosti 1890 Mkutano wa Kimataifa wa Madaktari ulifanyika Berlin. Koch alitangaza hapo kwamba amepata kitu kinachozuia bakteria wa kifua kikuu wasikue katika simbilisi. Hakusema ni kitu gani. Novemba mwaka huohuo aliandika kwamba dawa hiyo inaweza kutibu watu, hasa wale ambao ugonjwa wao haujaendelea sana.

Habari zilienea kama moto wa nyika. Wagonjwa kutoka nchi nyingi walijazana Berlin, na wengine walifia safarini. Daktari mmoja kijana wa Uingereza, Arthur Conan Doyle, ambaye baadaye alipata umaarufu kwa hadithi za upelelezi, alifika kujionea. Alikosa nafasi ya kuingia ukumbini, akasoma maelezo ya mwenzake aliyeingia, akaandika kwamba ushahidi bado haujatosha. Wakati huo wataalamu wengi waliomzidi umri hawakuwa na ujasiri wa kusema hivyo.

Koch alijijaribu mwenyewe kwanza. Saa chache baada ya kujidunga alipata maumivu ya viungo, kikohozi, pumzi fupi na kutetemeka sana, na joto lake likafika nyuzi 39.6. Hedwig Freiberg, msichana ambaye baadaye alikuja kuwa mke wake wa pili, alikubali pia kudungwa. Matokeo haya yenyewe yalikuwa onyo, ila hayakusomwa hivyo.

Januari 1891 alilazimika kufichua siri. Dawa yenyewe, iliyoitwa tuberkulini, ilikuwa dondoo la bakteria wa kifua kikuu katika gliserini. Pamoja na kufichua huko alieleza jaribio lililomwongoza, na maelezo hayo ndiyo yaliyodumu kuliko dawa.

Simbilisi mzima akidungwa bakteria wa kifua kikuu, alisema, kijeraha hufunga siku za mwanzo kana kwamba hakuna kitu. Baada ya siku 10 hadi 14 hutokea uvimbe mgumu, unapasuka, na kidonda hakiponi mpaka mnyama afe. Lakini simbilisi aliyekwisha kuambukizwa majuma manne hadi sita nyuma akidungwa tena, mambo huwa tofauti kabisa. Siku ya kwanza au ya pili tu pale penye sindano panakuwa pagumu na peusi, ngozi inakufa na kubanduka, na kidonda kinapona haraka. Tezi za jirani hata hazivimbi. Jambo la ajabu zaidi ni kwamba bakteria waliouawa nao walileta mwitiko uleule.

Alichokiona Koch ni sahihi. Maana aliyoipa ndiyo iliyokuwa na kasoro. Alidhani kuna kitu ndani ya bakteria kinachoua nyama iliyoambukizwa, na kwamba akikitoa kitu hicho na kumdunga mgonjwa, nyama mbovu itakufa na bakteria watakosa makao. Hakuona kwamba aliyeunguza nyama ile ni mwili wenyewe, uliokuwa umemtambua adui wa zamani. Ukimpa mgonjwa wa mapafu dozi kubwa, mwili unashambulia kwa nguvu kila mahali penye bakteria. Nyama inalainika na kumeguka, na bakteria waliokuwa wamefungiwa wanapata njia ya kutoka.

Rudolf Virchow, mtaalamu mkubwa wa patholojia mjini Berlin, alipasua maiti za watu waliotibiwa kwa tuberkulini. Januari 1891 aliwaonyesha wenzake vinundu vipya vya ugonjwa sehemu ambazo kabla hazikuwa na dalili. Ripoti ya serikali ya Prussia juu ya wagonjwa zaidi ya 1,700 ilionyesha kwamba waliopona ni karibu mmoja tu katika mia. Koch alipoombwa awaonyeshe simbilisi waliopona, hakuweza. Ilijulikana pia kwamba alikuwa amefanya mazungumzo na serikali ili apate faida kubwa kwa dawa hiyo. Kwa maoni ya wengi hilo ndilo lililomchafulia jina zaidi ya kosa la kisayansi. Hata hivyo mwaka huohuo wa 1891 alifunguliwa Taasisi ya Magonjwa ya Kuambukiza aliyokuwa ameahidiwa. Mwaka 1893, baada ya kuachana na Emmy, alimwoa Hedwig, jambo lililoleta maneno mengi mjini.

Tuberkulini haikutupwa. Mwaka 1907 Clemens von Pirquet wa Austria aliitumia kwa kiasi kidogo sana kwenye ngozi ili kujua nani amewahi kuambukizwa, na mwaka 1908 Mfaransa Charles Mantoux akairekebisha njia hiyo. Kile kipimo cha kudungwa mkononi na kurudi baada ya siku mbili au tatu kupimwa uvimbe kinatokana moja kwa moja na dawa iliyoshindwa ya Koch.

Safari za Afrika

Kuanzia 1896 Koch alikuwa safarini zaidi kuliko nyumbani. Alikwenda Kimberley, Afrika Kusini, kutafuta chanjo ya sotoka iliyokuwa ikimaliza ng'ombe wa bara zima. Kutoka hapo alipelekwa Bombay kwa ajili ya tauni, na mwaka 1897 akashuka Dar es Salaam, makao makuu ya koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani.

Alichunguza malaria pwani na Usambara. Aliandika kwamba watu wa milimani walisema homa huipata wanaposhuka tambarare na kuumwa na mbu, na kwamba ugonjwa na mdudu waliviita kwa jina moja. Elimu hiyo ya wenyeji ilikuwapo kabla ya wataalamu wa Ulaya kukubaliana, na haikupata sifa inayostahili. Baadaye, Java na New Guinea katika miaka 1899 na 1900, aliona kwamba katika vijiji vyenye malaria nyingi vimelea vilijaa katika damu ya watoto wadogo, huku watu wazima wakiwa navyo kwa nadra. Alieleza kwamba watu hao wamepata kinga kwa kuambukizwa tena na tena. Hapo alisoma vizuri ishara za mwili unaokumbuka.

Mwaka 1903 alikwenda Rhodesia, akachunguza ugonjwa wa ng'ombe alioutofautisha na mengine na kuuita homa ya pwani ya Afrika. Wafugaji wetu wanaujua kama ndigana kali.

Alirudi Afrika Mashariki mwaka 1905, mwaka ambao vita vya Maji Maji vilizuka. Safari hii alichunguza homa ya papasi. Alionyesha kwamba papasi wanaojificha katika sakafu za vibanda vya njia za misafara hubeba bakteria wa homa hiyo, na kwamba papasi jike huyapitishia mayai yake. Wakati huohuo Joseph Dutton na John Todd walikuwa wakifikia jibu hilo nchini Kongo. Dutton aliambukizwa katika kazi hiyo, akafariki Kasongo Februari 1905.

Safari ya mwisho, ya miaka 1906 na 1907, ilihusu malale. Ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 200,000 kando ya Ziwa Viktoria kwa makadirio ya wakati huo. Koch alipitia Mwanza, kisha akaweka kambi katika kisiwa cha Bugala, Ssese, kwa ruhusa ya Waingereza. Alitumia dawa yenye aseniki iliyoitwa atoksili. Mwanzoni wagonjwa walionekana kupata nafuu na habari zikaenea, wakaja kwa mamia. Lakini vimelea vilirudi. Koch akaongeza dozi. Wagonjwa zaidi ya 20 wakawa vipofu, na upofu huo haukupona. Wengine walikimbia kambi kwa sababu ya maumivu. Aliacha dozi kubwa, ila aliporudi Berlin aliendelea kuipendekeza atoksili na kushauri wagonjwa watengwe katika kambi.

Ni vigumu kusoma habari za Bugala bila kukumbuka Berlin ya 1890: nafuu ya haraka, matumaini makubwa, dozi kupandishwa. Tofauti ni kwamba Berlin walikuwapo akina Virchow wa kuuliza maswali, na wagonjwa wa Ssese hawakuwa na mtu wa namna hiyo.

Koch alikosea pia kuhusu kifua kikuu cha ng'ombe. Mwaka 1901 alisema mjini London kwamba ni nadra mno kumpata binadamu, hivyo hakuna haja ya kuhangaika na maziwa. Tume ya Uingereza iliyochunguza jambo hilo kwa miaka mingi ilithibitisha kinyume chake.

Kifo

Mwaka 1908 alitembelea Marekani na Japani, ambako mwanafunzi wake Kitasato Shibasaburo alimpokea kwa heshima kubwa. Aprili 1910 alisoma hotuba juu ya kifua kikuu mbele ya Chuo cha Sayansi cha Prussia. Moyo ulikuwa umeanza kumsumbua. Alikwenda Baden-Baden kupumzika, akafariki huko tarehe 27 Mei akiwa na umri wa miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa katika taasisi aliyoianzisha, ambayo leo inaitwa Robert Koch-Institut.

Maelezo ya athari ya Koch baada yake

Swali la simbilisi lilibaki wazi kwa zaidi ya miaka 50. Ni kitu gani mwilini kinachokumbuka? Wengi walidhani ni kingamwili zinazoelea katika seramu. Lakini seramu ya mnyama aliyeambukizwa haikuweza kuhamisha mwitiko wa tuberkulini kwa mnyama mwingine. Mwaka 1945 Merrill Chase wa Marekani alionyesha kwamba ukihamisha seli nyeupe zenyewe, mwitiko unahama pamoja nazo.

Jibu lililo kamili zaidi lilitoka kwa panya, kama ilivyokuwa Wollstein. Mwaka 1961 Jacques Miller alionyesha kwamba panya walioondolewa tezi ya thaimasi wakiwa wachanga hukosa sehemu kubwa ya kinga. Seli zinazokomaa katika tezi hiyo ndizo zilizokuja kuitwa seli T. Mwaka 1962 Mwaustralia George Mackaness aliwaambukiza panya bakteria aitwaye Listeria, ambaye hujificha ndani ya seli kama yule wa kifua kikuu. Mara ya kwanza bakteria waliongezeka kwa siku kadhaa katika ini na bandama kabla ya kudhibitiwa. Panya waliopona walipoambukizwa tena, bakteria walizuiwa karibu papo hapo. Seramu yao haikuwakinga panya wengine, lakini baadaye alionyesha kwamba seli za limfu ziliwakinga.

Kazi zilizofuata zilieleza hatua zake. Katika maambukizi ya kwanza seli T zinazomtambua bakteria ni chache, na huchukua karibu juma zima kuongezeka hadi kilele. Ushindi ukipatikana nyingi hufa, na hubaki sehemu ndogo, pengine tano hadi kumi katika kila mia. Hizo ndizo seli za kumbukumbu. Ni nyingi kuliko za mwanzo, na bakteria akirudi huanza kazi mapema zaidi. Hutoa kemikali zinazoziamsha seli kubwa zinazomeza bakteria, zikapata nguvu ya kumuua aliyemo tumboni mwao. Mackaness aliona pia kwamba seli hizo zikishaamshwa huua hata bakteria wa aina nyingine, ingawa ni adui wa awali tu anayeweza kuziamsha.

Kwa kifua kikuu mambo ni magumu zaidi. Katika panya wa maabara seli T hufika mapafuni baada ya majuma mawili au zaidi, kwa sababu bakteria huchelewa kubebwa hadi kwenye tezi za limfu ambako seli hizo huandaliwa. Chanjo ya BCG, iliyotolewa kwa binadamu mara ya kwanza mwaka 1921, hupunguza uchelewaji huo lakini haiuondoi. Mtu ambaye VVU vimepunguza seli T zake anaweza kuwa na kifua kikuu na bado kipimo cha ngozi kisionyeshe uvimbe wowote.

Athari yenyewe bado huonekana kliniki. Mtoto mchanga akichanjwa BCG, kipele hutokea baada ya majuma kadhaa. Kikitokea ndani ya siku chache na kufanya kidonda mapema, mhudumu wa afya hupaswa kushuku kwamba mtoto huyo alikwisha kuambukizwa kifua kikuu kabla ya chanjo, na kuanza kuuliza nani nyumbani anakohoa.